Picha za watu wasiojuana kukutanishwa na kadari: kwa Unguja haziwezekani, nabishiwe

Tiketi_ya_Juu
Asalaam alaykum. Nina dai, mlivunje mkiweza.

Zile filamu za mapenzi ambazo mwanamme na mwanamke hawajuani kabisa, kisha kadari inawasukuma mpaka wanakutana, haziwezi kupigwa Unguja zikaaminika. Sharti lake la kwanza ni kwamba wawili wale wasiwe na mtu wa kuwaunganisha. It Happened One Night (1934): basi la usiku kutoka Miami, bibie kamtoroka baba yake. Brief Encounter (1945): stesheni ya treni, punje ya uchafu imemwingia mke wa mtu jichoni, daktari asiyemjua anaitoa. Before Sunrise (1995): treni inakwenda Vienna, wanashuka pamoja, asubuhi kila mtu na njia yake.

Sasa wapakie hao wawili gari ya 502, daladala ya Bububu. Hawajafika Mtoni, mama wa pembeni keshauliza "wewe wa kwa nani?" Wakishuka Bububu imeshabainika kuwa bibi zao walikuwa wakiteka kisima kimoja. Kadari itafanya kazi gani hapo? Kazi yote keshaimaliza yule mama.

Chumvi_Kidogo
Unguja hakuna wageni? Nenda Nungwi ukawahesabu, wengine wamelala mchangani hawana hata shati.

Tiketi_ya_Juu
Ndiyo nikaandika "watu wasiojuana", sikuandika "wageni". Nilijua utakuja.

MwanaMkoani
Dai lina tundu. Kujuana ukoo siko kujuana mtu. Wahindi walilimaliza hili zamani, na wazee wetu walijaza sinema za Majestic na Empire kwenda kulitizama. Mere Mehboob (1963): mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Aligarh anagongana na msichana aliyevaa buibui, vitabu vinaanguka, wanaviokota, anachobaki nacho ni macho tu. Picha nzima jamaa anayatafuta macho. Mji ule kila mtu anamjua mwenzake, nawabu (mabwana wakubwa) wana jamaa zao, kuna mashoga (marafiki wa kike), kuna dada. Kujuana hakukuzuia kitu, bali ndiko kulikoleta fujo.

Chaudhvin Ka Chand (1960) ndiyo kabisa. Mji ni Lucknow. Nawabu kamwona msichana mara moja tu, kapenda. Rafiki yake kipenzi anaozeshwa msichana yule yule, na hakuna anayejua kuwa ni yule yule. Watu wamejaa, wanajuana mpaka majina ya babu, na bado siri inakaa kwa sababu uso ulionekana mara moja. Kwa hiyo sharti lako la "wasiwe na wa kuwaunganisha" silo. Sharti ni kwamba kitu kimoja kikosekane: sura, au jina, au anwani. Kimoja tu kinatosha.

Bi_Asumini
Nakazia. Na mwisho wake nawabu anameza almasi ya pete ili rafiki abaki na mke. Kadari ya Kihindi haikutanishi bure, lazima mtu alipe.

Karafuu_Kavu
Mnazunguka, kilichoua picha hizi ni simu. Tizameni miaka. Sleepless in Seattle 1993, wanaunganishwa na redio na barua. Serendipity 2001, namba ya mwanamke imeandikwa ndani ya kitabu kilichouzwa duka la vitabu vikuukuu, ya mwanamme kwenye noti ya dola 5 iliyotumiwa hapo hapo. Baada ya hapo nani ataamini kwamba mtu hapatikani? Piga picha ya mgongo wake tu, tupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, dakika kumi unaletewa jina, skuli aliyosoma na idadi ya posa zilizokataliwa.

Popo_wa_Pujini
Simu si kisingizio. The Lunchbox ni ya 2013, Mumbai, simu zimejaa, na watu wameiamini. Mke anampikia mumewe, wachukuzi wa vyakula wanapeleka chombo kwa mtu mwengine ofisini, anakula, anaandika kijibarua, chombo kinarudi. Wanaendelea hivyo mpaka mwisho wala hawaonani.

Bi_Asumini
@Popo_wa_Pujini nusu sahihi. Mwanamme alimwona. Walipatana kukutana mkahawani, bibi akakaa akangoja, jamaa akafika, akamtizama kwa mbali, akajiona mzee, akaondoka bila ya kujitambulisha. Asiyemwona ni mwanamke. Tofauti hiyo ndiyo picha yenyewe.

Na hiyo Sleepless in Seattle msije mkasema wanaonana mara ya kwanza juu ya lile jengo la New York. Kabla ya hapo mwanamme alishamwona uwanja wa ndege asijue ni nani, na siku ya pili wakatizamana barabarani, wakatamkiana "hello" moja, basi.

Popo_wa_Pujini
Nimesahihishwa, ahsante. Lakini hoja ya simu imekufa hapo hapo. Hawakukosa simu. Walikuwa na kitu kitamu zaidi ya simu: jibu linalochukua siku nzima. Chakula kinatoka asubuhi, chombo kinarudi jioni.

Fundi_Lenzi
Naingia kwa upande wa kazi, maana mnajadili hadithi kama vile inajipiga yenyewe.

Mtazamaji haamini kadari kwa sababu ya hadithi. Anaiamini kwa sababu ya upande wa kutembea. Mtu wa kwanza apite fremu akitoka kushoto kwenda kulia, wa pili kulia kwenda kushoto. Ukiunganisha picha hizo mbili, hata kama mmoja yuko Mkunazini na mwengine yuko Wete, Pemba, macho yanasema hawa wanafuatana wakutane. Wote wawili ukiwapitisha kushoto kwenda kulia, mtazamaji anadhani mmoja anamfukuza mwenziwe. Picha nyingi za hapa zinaharibika hapo, na mwandishi ndiye anayelaumiwa.

Pili ni kupishana, yaani wale wawili wanakosana kwa sekunde. Kichochoro cha Mji Mkongwe ni kizuri kwa hilo kwa sababu kina kona. Kamera ikae kwenye kona, isisogee. Wa kwanza atoke fremu. Hesabu sekunde mbili za kichochoro kitupu (fremu 48 kwa mwendo wa 24), ndipo wa pili aingie. Chini ya sekunde moja inakuwa kichekesho cha milango, ikizidi nne mtazamaji ameshamsahau wa kwanza. Lenzi tumia ya milimita 35. Ya 24 inashawishi kwa sababu hakuna nafasi ya kurudi nyuma, lakini mtu akikaribia pua inavimba. Na kupishana kusizidi mara tatu katika picha nzima. Ya nne ukumbi unacheka.

Tatu, mwanga. Saa sita mchana jua linaingia kichochoroni upande mmoja ukawa mweupe kama chokaa, mwengine mweusi tititi, na hakuna kamera itakayobeba vyote. Piga saa mbili mpaka saa nne asubuhi, au baada ya alasiri. Shuka jeupe likishikwa na watu wawili upande wa pili wa uso linatosha, taa za kukodi si lazima.

Chumvi_Kidogo
Pua inavimba 🤣 sasa najua kwa nini stelingi wetu wote wanafanana.

Tiketi_ya_Juu
@Fundi_Lenzi hilo la upande wa kutembea nimelipokea, ila hujajibu. Kamera inaweza kunifanya *nitake* wakutane. Haiwezi kunifanya niamini kuwa *hawajakutana* mpaka leo, na mji wenyewe unauzunguka kwa miguu kabla ya chai kupoa.

MwanaMkoani
Basi tumia gari. Zile za ubao, benchi mbili zinaelekeana, magoti kwa magoti. Basi la Ulaya watu wanatizama visogo. Sisi gari yetu inamlazimisha mtu kumtizama asiyemjua usoni kutoka Chake mpaka Konde, na adabu inamlazimisha kujifanya hatizami. Anatizama kapu. Anatizama vidole vya miguu. Gari ikiingia shimoni magoti yanagusana, wote wanasema "samahani" kwa pamoja. Na nauli inapita mkono kwa mkono mpaka kwa utingo, chenji inarudi kwa mikono ile ile. Mwandishi anataka nini tena?

Bi_Asumini
Vidole vya miguu, umenikumbusha Pakeezah (1972). Mwanamke kalala kwenye treni, mwanamme asiyemjua anaingia behewa hilo hilo, anaona miguu yake, anamwachia kijibarua kuwa asiikanyagishe chini itachafuka. Mwanamke anaamka, mtu hayupo. Toka hapo kila treni ikipiga honi usiku, roho inamruka. Si sura wala jina, ni sauti. @MwanaMkoani hii inatia nguvu hoja yako: kimoja kikosekane, kimoja kibaki.

Fundi_Lenzi
Gari ya ubao ni dhahabu, lakini jueni mambo mawili. Uso wa mtu wa benchi ya pili uko mita moja tu, kwa hiyo lenzi ya 50 inatosha, na kamera lazima ikae begani kwa mchezaji mwenziwe, siyo katikati. Ukiiweka katikati watu wanaonekana wanatizama juu ya kichwa cha mtazamaji. Na kila ukikata, chunga nani yuko upande wa barabara na nani upande wa nyumba, maana nyuma yao dunia inakwenda. Mmoja miti ikenda kulia, mwengine lazima iende kushoto. Ukikosea, gari inaonekana inarudi nyuma na mbele kwa wakati mmoja.

Sauti ya humo usiitegemee. Rekodi injini peke yake dakika tano gari likiwa na abiria, maneno yarudiwe mahali pa kimya, kisha changanya.

Karafuu_Kavu
Na boti je? An Affair to Remember (1957) wanajuana melini, na ilikuwa marudio ya Love Affair ya 1939, mwongozaji yule yule Leo McCarey. Wahindi wakaitia mikononi wakatoa Mann 1999. Meli inazaa mapenzi tangu zamani, nasi tunayo kila siku.

Fundi_Lenzi
Boti ya Dar inachukua kama saa mbili, mazungumzo ya picha nzima huyamalizi safari moja. Watu wanapiga nusu asubuhi wakija Unguja, nusu asubuhi ya pili wakienda Dar, wakifika kwenye kompyuta wanalia. Ukija Unguja unaelekea kaskazini, jua la asubuhi liko kulia kwa boti. Ukienda Dar asubuhi liko kushoto. Uso ule ule, sentensi moja imewaka shavu hili, inayofuata shavu jengine. Dawa: piga asubuhi ukija na alasiri ukienda. Jua litakuwa limehamia magharibi, kwa hiyo linabaki kulia kwa boti safari zote mbili. Lenzi usibadilishe juu ya sitaha, chumvi inaingia. Na ombeni ruhusa ya mwenye boti na kibali cha BASSFU (baraza la sanaa na filamu la Zanzibar) mapema, mswada mkononi, sio siku ya kupanda.

Popo_wa_Pujini
Uzi umegeuka chuo. Naweka mkeka.

Karafuu_Kavu
Narudi kwenye kadari. Mimi naona watu wanachanganya kadari na mtihani. Yule bibie wa Serendipity hakuiachia kadari, aliipima kama mtu anayebonyeza samaki sokoni. Kwanza glavu, moja iliyobaki dukani, wote wawili wameishika. Kisha noti, kisha kitabu, kisha lifti: kila mtu aingie lifti yake, achague ghorofa, wakiangukia moja basi wameandikiwa. Hiyo ni kubahatisha.

Bi_Asumini
Jozi moja, si glavu moja. Na usiikate hiyo ya lifti katikati, ndiyo sehemu nzuri. Wote wawili walichagua 23! Waliandikiwa kweli. Mwanamme akapandiwa na mtoto aliyevaa nguo za shetani, mtoto akabonyeza vitufe vyote, lifti ikasimama kila ghorofa, mpaka anafika bibi ameshaondoka. Kwa hiyo picha haisemi kadari haipo. Inasema ipo, na mtoto mmoja anaweza kuichelewesha miaka.

Chumvi_Kidogo
Kumbe shetani anakaa kwenye lifti. Michenzani mmeokoka, mnapanda ngazi.

Maalim_Kanzu_Kuukuu
Jina la filamu hiyo limetoka kwetu baharini. Sarandibu ni Sri Lanka kwa Waarabu, kule kule alikofika Sindbadi safari yake ya sita. Kulikuwa na ngano ya Kiajemi ya wana watatu wa mfalme wa Sarandibu waliokuwa wakigundua mambo wasiyoyatafuta, na Mwingereza Horace Walpole mwaka 1754 akalitunga neno la Kiingereza kutokana na ngano hiyo. Tazameni maana: *wasiyoyatafuta*. Sasa Mere Mehboob anatafuta picha nzima. Hiyo si Sarandibu. Hiyo ni ashiki.

Tiketi_ya_Juu
Maalim umenipa silaha. Basi kuna aina mbili. Moja wanakutana mwanzo, wanapotezana, wanatafutana. Ya pili hawajakutana, sisi ndio tunaowaona wote wawili. Ya kwanza Unguja haiwezekani kwa sababu ya mama wa 502. Ya pili nalegea kidogo.

MwanaMkoani
Ya pili ina mfano mzuri kuliko hizo za Marekani zote. Kadhal Kottai, ya Kitamil, 1996. Ikarudiwa kwa Kihindi kama Sirf Tum 1999, mwongozaji huyo huyo Agathiyan. Msichana kapoteza vyeti vyake safarini, mvulana asiyemjua anavirudisha kwa posta, barua zinaanza, wanapatana wasionane. Baadaye mvulana anaendesha bajaji, msichana anapanda bajaji hiyo hiyo, na hawajuani! Ndani ya bajaji moja! Kinachowaokoa ni fulana aliyomletea zawadi, kaivaa ndani ya sare ya kazi.

Sasa hamisha hiyo. Vyeti viangukie boti ya Pemba, mtu wa Wete avipeleke.

Karafuu_Kavu
Kwa barua? Cheti kina jina kamili la mtu, majina matatu! Mtu wa Wete anapiga simu moja Unguja, vyeti vinakabidhiwa kwa mjomba bandarini Malindi, picha imekwisha dakika ya nane.

Tiketi_ya_Juu
Ndiyo nilichosema tangu mwanzo. Mjomba.

Bi_Asumini
Basi msitumie chenye jina. Tumieni kanga. Doti inauzwa vipande viwili vikiwa vimeshikana, kila kipande kama mita moja na nusu kwa mita moja, mji wake (kati) na pindo yake (ukingo), jina moja, yaani yale maneno, pande zote mbili. Wasiojuana wawili wamebakiwa na doti moja dukani Darajani, mmoja anamtafutia mama yake, mwengine dada yake. Mwenye duka anaikata, kila mtu kipande. Hakuna jina la mtu wala namba, na kila mtu anajua kuna nusu nyengine.

Popo_wa_Pujini
Hii nzuri khasa. Ila kanga ya jina lile zinachapwa maelfu. Utajuaje hii ndiyo nusu yenyewe?

Bi_Asumini
Kwa mkato. Mkasi ukienda upogo, kipande kimoja kinakula pindo ya mwenzake. Vikiwekwa pamoja vinakaa, vya doti nyengine havikai.

Maalim_Kanzu_Kuukuu
Kanga hupindwa kabla ya kuvaliwa, bibi. Ikishapita cherehani, mkato umefichika ndani ya upindo.

Bi_Asumini
Basi yule mwanamke asiipinde. Hapo ndipo picha ilipo: mtaa mzima unamsema anavaa kanga haijapindwa, nyuzi zinaning'inia, na yeye hasemi kwa nini. Mama wa 502 wenu mleteni sasa. Atauliza "wa kwa nani", atajibiwa. Atauliza "kanga hii mbona hukupinda", hatojibiwa. Kujuana kote kwenu hakufiki hapo.

Tiketi_ya_Juu
...

Chumvi_Kidogo
Mleta mada kaishiwa nauli.

Tiketi_ya_Juu
Sijaishiwa. Nafikiri. Kipande cha pili kiko kwa mama wa mwanamme, na yeye atakipinda siku hiyo hiyo. Wanawake wa makamo hawavai nyuzi.

MwanaMkoani
Upindo unafumuliwa. Mwanamme akae akifumua upindo wa kanga ya mama yake usiku, taa ya simu mdomoni. Simu ya @Karafuu_Kavu imepata kazi.

Karafuu_Kavu
Simu kuwa kurunzi, sawa, hiyo nitaiamini. Lakini nani anamwambia afumue? Hapo mtatia bahati, na bahati inayotatua mambo ni wizi. Bahati inaruhusiwa kuwatia watu matatani, kuwatoa hairuhusiwi.

Fundi_Lenzi
Swali la kazi. Mkato huo upogo uonekane vipi? Mita moja ya kitambaa, mtazamaji ana sekunde tatu za kuujua, na saa moja baadaye aukumbuke. Kanga ya maua madogo madogo itaumeza.

Na jambo moja kabla sijasahau: dukani Darajani msipige karibu na wakati wa sala. Misikiti imekaribiana, adhana zinapishana, ukiikata picha katikati sauti inaruka mstari na kila mtu anaisikia. Simamisheni, irekodini adhana peke yake mpaka mwisho, mtaitumia mahali pengine.

Bi_Asumini
Pindo nyekundu, mji mweupe. Mkasi uanze kwenye mstari, ufike katikati ukwame kwenye uzi mnene, mwenye duka auchomoe, aanze tena pembeni kidogo. Inabaki ngazi moja, upana wa kidole. Kipande kimoja kitakuwa na mstari mwekundu wa ziada upande wa kushoto, chengine kimepungukiwa hapo hapo.

Fundi_Lenzi
Kidole gani? Kidogo hakionekani kwa lenzi ya 35.

Bi_Asumini
Gumba. La mwenye duka.